Mtulinga wa Kinyozi

Mimi ni kinyozi, nina miaka hamsini na miwili, na kila anayekaa kwenye kiti changu anajua kwamba nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kwenye mazoezi ya judo. Wanajua kwa sababu hawaachi kuuliza. "Eti Kiwembe, ni kweli ulipigwa na msichana?" Sikupigwa! Niliangushwa, na kuangushwa ndiyo judo yenyewe. Na huyo si msichana, ni Mwalimu wangu, hata kama ni rika la binti yangu wa kwanza.

Kila jioni ya mazoezi Mwalimu hunipa shikamoo mlangoni. Namwitikia marahaba, tunaingia, tunainamiana kwa heshima, kisha ananibwaga chini kama gunia la viazi. Nilikuwa nafurahi ajabu. Ukishinda umesimama nyuma ya vichwa vya watu, kubwagwa kunanyoosha mgongo.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Somo la kwanza la judo ni kuanguka. Kidevu kifuani, unajiviringa, unaupiga mkeka kofi kwa mkono mzima, paa! Kunyoosha mkono ili ujizuie ni mwiko, hata watoto wanalijua hilo. Lakini jioni ile mke wangu alikuwa amekuja kunitazama kwa mara ya kwanza, baada ya kumbembeleza weee. Mwalimu aliponinyanyua, nilimwona mke wangu akiinuka kwenye benchi, mdomo wazi. Nikanyoosha mkono. Nikasikia ka! begani, na mkeka haulii hivyo.

Basi nikatembea na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Dukani mdogo wangu alishika mashine, mimi nikashika ufagio kwa mkono wa kushoto na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Nyumbani mke wangu alinifunga vifungo vya shati huku akinisema.

"Wenzako umri huu wanacheza karata. Wewe unataka kurushwa hewani. Judo imekwisha, umenisikia baba watoto?"

"Nimekusikia."

Nilikuwa nimesikia kweli. Kukubali ni habari nyingine.

Ukumbini kwetu majeruhi haachwi akae nyumbani. Unavaa vazi lako jeupe, unakaa pembeni ya mkeka na kuhesabu kwa sauti kila wenzako wanapoanguka. Nilimwapia mke wangu kwamba nakwenda kuhesabu tu, naye akaniachia kwa kununa. Nilihesabu mpaka koo likakauka. Wivu nilioona kwa kila aliyeanguka, acheni tu.

Daktari akaniruhusu hatimaye. Siku ya kurudi mkekani Mwalimu alinishika kola, nami mwili mzima ukakakamaa. Kabla hata hajanirusha, mkono wangu ulikwishatoka mbele wenyewe. Akaniachia.

"Mzee wangu, mfupa umepona," akasema taratibu. "Ila mkono bado unataka kukuokoa. Nikikurusha hivi utavunjika tena. Njoo Jumamosi nikujaribu. Mkono ukitoka tena, utabaki kuhesabu."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Niliogopa kuanguka, na zaidi niliogopa kwamba nitaishi na woga huo mpaka uzeeni, niwe mtu wa kuhesabu ya wenzake.

Kesho yake mchana nilitandaza godoro sakafuni chumbani, nikasimama mbele yake. Nikasimama. Nikaendelea kusimama. Mke wangu akaingia na nguo alizoanua.

"Unafanya nini?"

"Naanguka."

"Mbona umesimama?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza yote, nikijiandaa kwa ugomvi. Akaweka nguo kitandani polepole.

"Siku ile nilidhani umevunjika shingo," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilijua narudi nyumbani mjane. Wewe unanipa habari za mkono!"

"Nilikuona ulivyoinuka. Nilipouona uso wako ndipo mkono ukatoka."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kosa ni langu, mke wangu. Lakini ukiogopa, na mimi naogopa."

Akanisogelea. Kisha, bila hata kuniambia jihadhari, akanisukuma! Nikaenda chini mzimamzima kama kabati, mkono mbele. Bahati godoro ni nene.

"Mkono umetoka," akasema. "Simama."

Akanisukuma tena. Mara ya tatu nikaona mama watoto ameanza kunogewa. "Hii ni ya kuchelewa harusi ya dada yangu! Na hii ni ya vyombo vya jana!" Nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu, na mtu aliyeishiwa nguvu hawezi kukakamaa. Nikaviringika, paa! Mkono ulilipiga godoro wenyewe, palepale unapotakiwa. Nilitaka kulia, sikatai.

Jumamosi alikuja ukumbini bila kubembelezwa. Mwalimu akatupa shikamoo sote wawili, akanipeleka katikati ya mkeka, akanishika kola. Dari likapita mbele ya macho yangu, kisha paa! Mgongo salama, bega salama. Nikaruka juu, nikageukia benchi. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umeona?" nikamuuliza, nikihema.

"Sikuona kitu," akajibu ndani ya viganja. "Rudia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu akanishika tena, lakini nikamwomba asubiri kidogo. Tukasubiri. Mke wangu akashusha mkono mmoja, kisha wa pili, akaviweka viganja magotini. Macho yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa ameyakaza kwangu.

"Haya Mwalimu," nikasema, "nirushe."

Akanirusha, naye mke wangu akatazama mpaka mwisho.