Betri Zilizolazwa kwa Homa

Usiku wa jana niliota betri sita za droni zimelazwa kwenye kitanda cha mama, zimefunikwa shuka mpaka shingoni, zina homa.

Mama anazipepea kwa ungo. Mama alifariki miaka mingi iliyopita, lakini mle chumbani hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Nilichomwambia ni kwamba nazihitaji sasa hivi.

"Betri ya moto haichajiwi," akasema. "Si ndivyo ulivyofundishwa? Ngoja zipoe."

"Mama, baba amepotea."

"Najua. Unadhani napepea hivi kwa ajili ya nani?"

Hilo ndilo lililonitesa. Ndotoni kila kitu kilibadilika isipokuwa hilo moja. Baba yangu, Mzee Msengi, ambaye siku hizi husahau hata kama amekula, alitoka juzi nyumbani kwa kaka yangu Kingu akiwa na fimbo yake tu, na hajaonekana tena. Mchunga mifugo mmoja alisema aliona mzee akielekea ziwani. Mimi kazi yangu ni kurusha droni, napiga picha za mashamba ili zichorwe ramani, kwa hiyo ukoo mzima uligeuka kuniangalia. Nikairusha droni juu ya mbuga ya ziwa mpaka betri zikaniishia mkononi. Redio ya baba tuliibeba. Kingu aliitundika kwenye gari ili tukimpata mzee aone kitu anachokijua, asituogope. Hata ndotoni redio ilikuwepo, imening'inia kwenye tendegu la kitanda, kimya.

Betri ya mwisho ikatoa kichwa ndani ya shuka. "Mimi nina taa mbili za chaji kati ya nne," ikaninong'oneza, "na moja siiamini sana."

Nikatoka kwenda kutafuta umeme.

Nje ni uwanja wa kanisa, na jenereta amekaa kwenye benchi la wanakwaya, amejifunga skafu. Nikamwamkia, maana ni mtu mzima.

"Marahaba," akajibu, akakohoa moshi. "Umekuja na petroli?"

Nimekuja nayo. Sijui niliitoa wapi, ila nina dumu mkononi. Akanywa lote bila kupumua, akafuta mdomo kwa skafu, akaanza kunguruma. Nikachukua waya wa chaja, nikamsogelea. Akahama benchi.

"Babu, tulia nikuchomeke."

"Mimi hukaa mbali na watu," akasema. "Moshi wangu unaua. Imeandikwa ubavuni kwangu, soma mwenyewe."

Nikisogea hatua moja, naye anarudi nyuma hatua moja. Nikikimbia, anakimbia, benchi kaliweka begani. Waya wangu ni mfupi, nao kila ninapouvuta unazidi kuwa mfupi. Tulikimbizana hivyo mpaka tukautoka mji, na alipofika upeo wa macho alikuwa bado ananguruma kwa bidii, umeme wote anao yeye, wala hana pa kuupeleka. Nikamtukana. Sikujali ukubwa wake.

Nilipogeuka, jua lilikuwa limesogea. Nilipopepesa macho likasogea tena. Nikaanza kukimbia, maana baba yuko huko nje na hakubeba hata chupa ya maji.

Nikajikuta nimeketi kwenye mkeka kwa Bi Sola, paneli mmoja mpana, mweusi, mpole kupita kiasi. Amelala chali kama mtu anayenyolewa ndevu.

"Karibu mwanangu. Hakuna haraka. Mimi nachaji, ila kwa utaratibu wangu. Betri moja utaipata Alhamisi."

"Alhamisi gani, mama? Mtu anakufa kiu!"

"Basi Jumatano jioni. Ila wingu likipita tunaanza upya."

Wingu likapita hapo hapo. Lilikuja kwa miguu, limeshika mwavuli, likasimama kati ya Bi Sola na jua. Nikaliomba lisogee kidogo. Likasema samahani, lenyewe liko kwenye foleni.

Kweli, kulikuwa na foleni. Nilipaswa kujua. Mtu yeyote anayefanya kazi kama yangu anajua kwamba ukichomeka waya wowote kijijini, kabla hujanyanyuka simu zimeshafika, kila moja na chaja yake, na kila mwenye simu anakuamkia vizuri mno. Huwezi kumkatalia mtu aliyekuuliza habari za nyumbani. Nami siku zote nakubali, halafu jioni najiuliza betri zangu zimeshindwaje kujaa.

"Mzee amepatikana?" akauliza wa kwanza, mama mmoja mwenye simu tatu.

"Bado."

"Jamani, pole sana. Nichomekee na hizi basi."

Wa pili alileta tochi. Wa tatu kaleta kuku aliyeacha kutaga. Wa nne ni shemeji yangu Lula, mume wa dada, kapandisha suruali, ananionyesha goti.

"Shemeji, hili goti halipandi ngazi. Hata asilimia kumi tu."

"Shemeji, natafuta baba mkwe wako!"

"Najua, na mimi nataka kuja kusaidia kutafuta. Nitakujaje na goti hili?"

Nikachomeka goti. Nikachomeka na kuku, akajaa asilimia mia moja, akataga hapo hapo, watu wakapiga makofi. Mimi nalia. Betri zangu sita ziko mwisho wa foleni, zimejifunga shuka, zinatetemeka, na kila anayefika anawekwa mbele yao kwa sababu yeye ni mgeni.

"Ondokeni wote!" nikapiga kelele. Sauti yangu ikatoka ndogo, kama ya simu iliyowekwa chini ya mto.

Ndipo Kingu akaja na gari. Kafungua boneti, na ndani, mahali pake, ameketi betri wa gari, mama mnene mwenye vipuli viwili, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Pembeni yake kasimama inveta, kijana aliyevaa tai, mkalimani wa umeme wa gari.

"Huyu haongei lugha ya chaja yako," inveta akaniambia. "Lazima mimi nitafsiri. Na nakuonya mapema, nikitafsiri kuna kiasi kinapotea njiani. Si wizi, ndivyo kazi ilivyo."

"Mwambie namwomba umeme wa betri moja tu."

Akamwinamia, akanong'ona, akanyanyuka. "Anasema hapana."

"Kasema maneno mengi kuliko hayo!"

"Nimekwambia kuna yanayopotea."

Nikamshika mama mwenyewe kwa vipuli. Akanitazama kwa huruma, na safari hii nikamwelewa bila mkalimani.

"Binti yangu, nikikupa, droni itaruka na utamwona baba yako. Utamwona vizuri kabisa, kwenye kioo. Halafu utamfuata na nini?"

"Na gari."

"Gari ni mimi."

Kingu akawa anazungusha ufunguo. Gari halisemi kitu. Anazungusha tena na tena, jasho linamtoka, ananiangalia kama mimi ndiye niliyenyonya umeme, na mimi nina klipu za inveta mkononi, siwezi kukana. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa macho. Niliona nimechagua vibaya kila kitu.

Ndipo rimoti ya droni ikasema kutoka mfukoni mwangu, kwa ile sauti yake ya mwanamke asiye na wasiwasi:

"Nguvu imebaki asilimia thelathini. Tunarudi nyumbani."

Hiyo ni kanuni. Droni ikiishiwa hugeuka yenyewe, hata umwombe vipi, ikarudi. Lakini safari hii haikugeuka droni. Waligeuka watu. Foleni yote ikaacha simu chini, ikaanza kuondoka, kila mtu njia yake, bila kuaga. Wingu likakunja mwavuli likaenda upande wa ziwa. Kuku akarudi ndani ya yai lake, akajifungia. Shemeji Lula alitembea vizuri sana. Kingu akashuka kwenye gari, nikamwona anashika njia isiyo ya kwake, anaelekea zahanati ya wamisionari alikozaliwa.

"Kingu! Nyumbani kwako si huku?"

Akazidi kwenda.

Nikaitoa rimoti mfukoni. "Hawa wanakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Huyu ana nyumba, ana mke, ana bati jipya!"

"Nyumbani ni pale mtu aliporukia mara ya kwanza," ikasema rimoti. "Kwingine kote ni mahali alipotua."

Miguu yangu nayo ikageuka. Haikwenda ziwani. Ilikwenda upande ambao hatukuutafuta hata kidogo, ikapanda mlima, ikashuka ng'ambo, ikapita kwenye minyaa iliyokuwa ua wa mtu fulani, mpaka kwenye mahame, kule tulikoishi nikiwa mdogo kabla ukoo wote haujahama kufuata barabara na maji ya bomba. Nyumba hazipo. Lipo lile jiwe bapa lililokuwa mbele ya mlango wetu, na juu ya jiwe amekaa baba.

Mbele yake ameanika betri za redio. Amezipanga juani vizuri, anazigeuza moja moja kwa kidole, kama mtu anayeanika karanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Sogea pembeni, kivuli chako kinazitia baridi."

Nikasogea. Nilitaka kumkumbatia lakini ndotoni mikono yangu ilikuwa bado imeshika zile klipu.

"Baba, watu wote wanakutafuta."

"Kwani nani kapotea?"

"Wewe."

Akafikiri. "Mimi niko nyumbani," akasema, bila ubishi. "Redio ilikata katikati ya habari. Nikazitoa, nikasema nizianike kidogo zipate nguvu. Kule kwa Kingu hakuna jiwe. Kuna bati, na bati linaunguza. Hapa ndipo zinapojaa, hata mama yako anajua."

Midomo yake imepasuka, myeupe. Alipogeuza betri ya mwisho, mkono wa kanzu ukapanda, nikaona kwenye kifundo cha mkono wake taa nne ndogo, zile zile za kwenye betri zangu. Tatu zimezimika. Ya nne ni nyekundu, inawaka na kuzima.

"Baba, una maji?"

"Uje nayo," akasema. "Ila uje kabla jua halijawa kali. Likiwa kali zinapasuka."

"Nakuja. Baba, usiondoke hapo. Nakuja!"

"Niende wapi tena?"

Rimoti ikasema, "Tunatua," na jiwe likaanza kunikimbia, na mimi nanyoosha waya, na waya ni mfupi.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa nimejikunja kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya Kingu, mbugani, shingo imekakamaa. Jenereta letu la kuazima lilikuwa pale pale tulipolitua, limekauka petroli tangu jana jioni. Paneli ya sola imefunikwa umande. Klipu za inveta zilikuwa mapajani kwangu. Nilizitoa kabla ya kulala, ili kukicha tu tuchaji kwa betri ya gari, maana hatukuwa na njia nyingine.

Kingu alikuwa nje, ananawa uso kwa maji ya kikombe. Macho yake mekundu.

"Dada, tufunge hiyo inveta basi," akasema. "Ukipata hata betri mbili, tumalizie upande wa ziwa."

Nilikuwa naiangalia redio ya baba, inaning'inia kwenye kioo cha dereva. Tangu tulipoitundika hakuna aliyeiwasha. Nani angekuwa na moyo wa kusikiliza redio? Nikaishusha. Ilikuwa nyepesi. Nikaigeuza, nikasukuma kile kifuniko cha nyuma kwa kidole gumba.

Ndani mlikuwa na springi tu.

"Kingu, betri za redio ulitoa wewe?"

"Nizitoe za nini? Mimi nimeichukua kitandani kwake vile vile."

Nikamwonyesha. Akaja na uso unadondoka maji, akachungulia ndani ya redio, akanitazama mimi, akachungulia tena. Yeye ni mkubwa kwangu. Miaka ile, baba alipoanika betri zake juu ya lile jiwe la mahame, kazi ya kuzilinda zisichukuliwe na mbuzi ilikuwa yake. Nikaona anageuza shingo polepole, anaupa mgongo upande wa ziwa, anautazama mlima.

"Kule kwangu hakuna jiwe," akasema.

Nikazitupa klipu nyuma ya kiti, mbali na betri ya gari. Akaruka kwenye usukani, akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara ya kwanza.

"Ngoja," nikamwambia, nikashuka mbio kwenda kuchukua dumu la maji.