Viti Vilivyomfuata Nguzo

Milango ya maonyesho ya samani na taa ilipofunguliwa asubuhi ile, Nguzo alikuwa ameshasimama mahali pake, kushoto kwa kiti chenye kibao cha "Usikalie". Mikono nyuma, tumbo ndani, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Jina lake alilopewa na wazazi alikuwa ameliacha nyumbani kwa matumizi ya nyumbani. Hapo ukumbini wenzake walimwita Nguzo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Si kwamba hakupenda kukaa. Nani asiyependa kukaa, jamani? Lakini kanuni ilikuwa kanuni: mlinzi wa banda husimama tangu milango inafunguliwa mpaka inafungwa, na akithubutu kukaa, kibarua kinaota nyasi siku hiyo hiyo.

Na viti vilikuwa tele. Viti vya mbao, vya chuma, vya plastiki ya chupa kuukuu, viti vya kuning'inia kwa kamba, sofa ndefu za kulalia ukoo mzima, stuli ndogo za miguu mitatu. Juu ya kila kimoja palining'inia taa ya kukipendezesha. Wageni walivizunguka, wakainamisha vichwa upande, wakapiga picha, wakasema "mmh". Hakuna aliyekaa.

"Kiti kikishakaliwa kinakuwa kiti tu," alieleza mbunifu wa kile alichokilinda Nguzo, kijana mpole aliyeitwa Miwani kwa ajili ya miwani yake nyekundu iliyomfunika nusu ya uso. "Kabla ya hapo ni wazo."

Nguzo aliliangalia lile wazo. Lilikuwa na mgongo mpana, mto mnene, na mikono miwili iliyofunguka kama ya shangazi anayepokea wageni. Akameza mate.

Miguu ilikuwa inamuuma. Mishipa ya nyuma ya miguu ilikuwa imevimba kwa miaka, ikajisokota chini ya soksi nzito alizovaa kuificha, na daktari alishamwambia wazi: mama, upumzike au upasuliwe. Kupumzika ndiko hakukuwezekana. Kupasuliwa kulitaka awe mwajiriwa wa kudumu, maana pale kazini waajiriwa wa kudumu hutibiwa na vibarua hujitibu. Nguzo alikuwa kibarua tangu mwanawe wa kwanza anaanza shule, na sasa mwanawe huyo ana ndevu. Ila safari hii Msimamizi wa ukumbi alikuwa ameahidi mbele ya wote: mlinzi mmoja atakayemaliza maonyesho bila doa ataandikwa kazi ya kudumu. Nguzo akaapa kwamba hatakalia kiti chochote na kwamba mlinzi huyo ni yeye, liwalo na liwe.

Kiti kilianza kusogea baada ya saa za chakula. Hakikufanya kelele. Kilivuka kamba nyekundu, mguu mmoja baada ya mwingine, kikaja kusimama nyuma ya Nguzo, ukingo wa mto ukagusa nyuma ya magoti yake. Nguzo akasonga hatua moja mbele. Kiti kikasonga. Akaenda kulia, nacho kikaenda kulia.

"Rudi kwako," akakinong'oneza bila kugeuka. "Utanifukuzisha kazi."

Kiti kilibaki pale pale, kimemfungulia mikono.

Msimamizi alifika, akakitazama kiti, akamtazama Nguzo, akatoa kitabu cha kanuni mfukoni na kukisoma akisogeza midomo. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Kanuni inakataza mlinzi kukiendea kiti," akasema hatimaye. "Kiti kumwendea mlinzi haikusemwa. Endelea na kazi."

Kufikia jioni kiti cha Miwani hakikuwa peke yake. Stuli za banda la jirani zilikuwa zimekuja zikifuatana kama vifaranga. Kiti cha bembea kilijikokota kutoka upande wa pili wa ukumbi, polepole, maana kila kikienda mbele hatua mbili kinarudi nyuma moja. Sofa moja ya ngozi ilichelewa kwa sababu ilinasa mlangoni, ikabidi igeuke ubavu. Mwenye sofa alikuja nyuma yake akitweta.

"Mama, niachie sofa yangu."

"Sijaigusa, baba. Ishike mwenyewe."

Aliishika. Ikamburuta.

Siku ya pili Msimamizi alimhamishia Nguzo upande wa taa, mbali na viti, kwa nia njema kabisa. Ndipo alipokosea. Viti vilivuka ukumbi mzima kumfuata, vikapita kwenye korido ya mazulia, vikasubiri kwa adabu wageni wapite, na vilipofika upande wa taa vikamzunguka safu baada ya safu. Wageni nao wakavifuata viti. Watu wa taa, ambao miaka yote walilalamika kwamba hakuna anayefika kwao, walifurahi mno, wakamletea Nguzo maji ya kunywa. Viti hawakumletea, maana vilikuwepo tayari.

Aliyecheka kuliko wote ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyesimamia meza ya chai kwenye kona.

"Wifi, wewe una mvuto!" alipaza sauti kutoka kwenye mabirika yake. "Kaka yangu anajua kwamba unafuatwa hivi?"

"Mwambie. Labda naye ataamka anisogezee kiti."

"Yule? Yule atakuja kukikalia."

Wakacheka mpaka Msimamizi akawakoholea. Lakini Nguzo alipokuja kuchukua chai, wifi aliiona namna alivyoshika ukingo wa meza, na utani ukamwisha. Akatazama huku na huku, akapindua kreti tupu la soda nyuma ya pazia.

"Kaa hapo. Dakika mbili. Mimi naangalia njia."

"Nimeapa, wifi."

"Uliapa kuhusu viti. Hilo ni kreti."

Nguzo akakaa. Ah! Raha ilimpanda kutoka visiginoni mpaka masikioni, machozi yakamlengalenga. Hakuna sofa iliyotengenezwa na mwanadamu iliyowahi kuwa tamu kama kreti lile.

Na huko ukumbini kila kitu kikasimama. Kiti cha bembea kiliacha kubembea. Stuli zilibaki zimeinua mguu mmoja mmoja. Majaji watatu wa tuzo ya samani bora walikuwa ndio kwanza wamefika na karatasi zao, na Miwani alikuwa katikati ya maelezo.

"Kinatumia betri?" aliuliza jaji mmoja, akichungulia chini ya kiti.

"Hapana. Kinamtumia yule mama," akasema Miwani. Akageuka kumwonyesha, akakuta hayupo.

Ilikuwa rahisi kumpata. Msimamizi alifuata tu upande ambao viti vyote vilikuwa vimeelekeza nyuso zao, akafunua pazia. Nguzo alisimama haraka mno hata kreti likaanguka, na papo hapo ukumbini pakasikika miguu ya mbao ikigonga sakafu, ko-ko-ko, viti vinakuja tena. Nguzo alijua amekwisha. Aliiona operesheni yake inapita mbele ya macho yake na kutoka nje kwa mlango wa nyuma.

Msimamizi hakugomba. Alimtazama Nguzo, akatazama kreti, akasikiliza zile kelele za viti. Uso wake ulionyesha mtu aliyeelewa jambo.

"Keti," akasema.

"Bosi, nisamehe, ni wifi ndiye..."

"Nimesema keti."

Nguzo akaketi kwenye kreti. Kimya ukumbini.

"Simama."

Akasimama. Ko-ko-ko.

"Kumbe!" akasema Msimamizi, akiwa na furaha ya kweli. "Ni uchovu wako. Viti vinakuonea huruma. Sasa sikiliza, mama. Hili la kreti mimi sijaliona, wala doa huna. Lakini tangu sasa hakuna kukaa popote, hata kwa dakika moja. Hata chooni usikawie."

Siku ya mwisho, Nguzo alifika amelala vizuri. Mumewe alikuwa amemkanda miguu kwa maji ya moto bila kuombwa, jambo ambalo wifi alikataa katakata kuliamini. Matokeo yake, viti vilikuwa vimetulia mabandani kana kwamba havimjui, na waandishi wa habari walikuwa wameshafika na kamera. Msimamizi alijishika kichwa. Akampandisha Nguzo ngazi za jengo na kumshusha, akampandisha tena, huku yeye mwenyewe akimsubiri chini na kumtia moyo. "Jikaze, mama! Bado kidogo! Naona stuli zimeanza kutikisika!"

Kazi mbaya si mchezo mwema, Nguzo alijiambia, akishuka kwa kushikilia ukuta. Alipotokea ukumbini, miguu inawaka moto, kiti cha Miwani kilimpokea mlangoni. Wapiga picha wakakimbia. Majaji wakaandika kwamba kwa mara ya kwanza samani imeonyesha kumjali binadamu.

Kiti cha Miwani kilishinda, na hakuna aliyepinga. Kwa kuwa kitu chenye tuzo hakifai kuzurura, kilipandishwa jukwaani na kufungwa mnyororo, na Nguzo akawekwa kando ya jukwaa, chini, upande wa mbele, ili kiti kiwe na pa kuelekea. Kila mara mnyororo ulinyooka na kulia. Waalikwa walikuwa wameketi ukumbini kwenye viti vya kukodi vilivyovishwa vitambaa vyeupe, sahani mapajani, na mbele yao kabisa aliketi Mkurugenzi wa ukumbi mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti nzuri.

Mkurugenzi alisimama, akashukuru wafadhili, akashukuru majaji, akamshukuru Miwani, kisha akasema: "Na yuko mama mmoja ambaye bila yeye tusingekuwa na habari ya kusimulia. Amekuwa kibarua wetu miaka mingi. Kuanzia leo ni mwajiriwa wa kudumu, pamoja na matibabu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wifi alipiga kigelegele kilichotikisa mabirika. Nguzo alilia waziwazi, akajifuta kwa mkono, akalia tena. Miaka yote ile! Alitamani kumkumbatia mtu, na kwa kuwa hakukuwa na mtu karibu, akaukumbatia ukingo wa jukwaa.

Mkurugenzi akarudi kuketi. Ndipo viti vya waalikwa vikaanza kusogea.

Vilikuja na watu wao juu. Waalikwa walishika sahani vizuri zisimwagike, wakaendelea kupongeza kwa kujipiga mapajani kwa mkono mmoja. Wafadhili walikuja, waandishi wakaja, majaji watatu wakaja wamebanana kwenye benchi lao. Kiti cha Mkurugenzi kiliwahi kuliko vyote na kusimama mbele ya Nguzo, magoti kwa magoti. Nyuma yake safu zikajipanga, magoti kwa mgongo, kutoka jukwaani mpaka mlangoni. Kila kiti kilikuwa kimemfunulia Nguzo mto wake, na kila mto ulikuwa na mtu.

"Hivi hakuna hata mmoja wa kumpisha?" wifi aliuliza kwa sauti kutoka kwenye kona.

Waalikwa walicheka. Walikuwa wameambiwa kwamba yule mama wa chai ni mcheshi sana.

Nguzo aliona hiyo ndiyo nafasi yake, maana si kila siku Mkurugenzi anakuja mtu alipo. Akainama kidogo. "Mheshimiwa, nashukuru sana. Sasa operesheni ya miguu, niende lini?"

"Matibabu yako ni kamili," akasema Mkurugenzi kwa upole. "Macho, meno, kichwa, tumbo, mgongo. Miguu tu ndiyo tumeiacha."

"Mmeiacha?"

"Ikipona, viti si vitasimama? Na maonyesho yajayo tumeshayatangaza, mama. Na picha yako imo." Akamshika mkono, akaubonyeza. Macho yake yalikuwa na unyevu, maana alikuwa ameguswa kweli. "Tunakuhitaji kama ulivyo."

Neno lile lilimchoma Nguzo, lilimchoma haswa, kuliko mishipa. Alifikiria meno yake. Yalikuwa mazima yote. Alifikiria macho yake, ambayo yalimwona wifi kule kona, mikono kiunoni, amenuna kwa niaba yake. Akakitazama kiti cha Miwani kinavyovuta mnyororo, maskini, kimejinyoosha mpaka miguu ya mbele inaning'inia nje ya jukwaa. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kicheko kikubwa cha tumbo, na waalikwa waliokuwa karibu wakacheka naye kwa kuwa walidhani wanajua anachochekea.

"Haya," akasema, akikipapasa kiti kwenye mkono wake wa mbao. "Wewe angalau ulijaribu."

Muziki ulianza jukwaani. Kutoka safu ya nyuma mwanamke mmoja aliyevaa vizuri aliinua mkono, na kwa adabu zote akasema, "Mama, samahani, ungesogea kidogo. Huku hatuoni."

Nguzo akasogea. Na wageni wote wakasogea naye, wameketi.