Soda Nyekundu ya Mlinzi wa Kiwanja

Ulijitia hamnazo. Tingatinga lilipopita mbele ya kibanda cha supu ya tambi, uliinamisha uso bakulini ukapuliza mchuzi uliokwisha kupoa. Usibishe. Buakhiao alikuona.

Buakhiao ndiye aliyekuwa akiwapima abiria wa shirika la ndege la Fa Doi hapa mjini kwetu Pha Mon. Ndege zenyewe zilikuwa mbili, ndogo, za mapangaboi, na kila mtu ilibidi apande mizani na mzigo wake.

"Bibi, hayo maharage ya kuvunda yafunge vizuri," alikuwa akisema. "Rubani naye ana pua."

Watu walicheka, wakapaa. Mgonjwa aliyetoka hapa asubuhi alikuwa hospitali ya Chiang Mai kabla wenzake hawajamaliza uji, wakati kwa barabara, kona juu ya kona, angetapika hadi jioni. Na kabla injini haijawashwa, Buakhiao alipeleka chupa ya soda nyekundu, na mrija wake, kwenye kijumba cha mzimu mlinzi kando ya njia ya kurukia. Hata rubani Wirot, aliyesomea ng'ambo, hakupanda ndege bila kukiunganishia viganja na kuinamisha kichwa.

Fa Doi ikanenepa. Matajiri wa Bangkok wakamletea bosi Prasoet, mwenye shirika, jeti ndefu, ya kupeleka watalii baharini. Bosi akawakusanya wafanyakazi.

"Kuna mwenye neno?"

Nani awe na neno? Kwetu mkubwa hapingwi mbele za watu. Unatabasamu, unameza. Wirot alijua wazi kwamba jeti ile haiwezi kutua Pha Mon, njia ni fupi. Akatabasamu. Fundi mkuu akatabasamu. Buakhiao akasimama.

"Bosi, na sisi wa huku milimani?"

"Shangazi Bua, zamu yenu itafika."

"Itafika kwa ndege gani?"

Mtu akamvuta sketi akae. Chumba kizima kiliona haya, tena si kwa ajili ya bosi, kwa ajili yake!

Ndege ndogo zikauzwa. Mzimu akajengewa jumba la dhahabu kwenye ofisi ya Bangkok, na soda ya huku ikakauka chupani. Msimu wa kwanza watalii walijaa. Wa pili hawakuja. Wenye jeti wakaifuata jeti yao, na Fa Doi ikabaki jina kwenye fulana zilizochujuka. Mwaka huohuo mdogo wake Buakhiao, Ampha, alishikwa na uchungu wa uzazi. Alifia garini, konani, Chiang Mai haijaonekana hata taa zake. Usiseme hukusikia. Msibani ulikula.

Sasa kiwanja kimeuzwa, wajenge hoteli na uwanja wa gofu. Wirot ana kindege chake kimoja huko Lampang, na amesema atakuja njia ikiwepo. Ikishalimwa na tingatinga, hakuna ndege itakayotua hapa tena, yake wala ya yeyote.

Asubuhi ya leo tingatinga lilifika kwenye kijumba. Dereva akazima injini.

"Mbona umezima?" alifoka msimamizi, kijana wa miwani myeusi.

"Humo mna mwenyewe, bosi."

"Ng'oa!"

"Ng'oa wewe. Mimi nina wanangu."

Buakhiao alikuwa ameketi juu ya mizani yake kuukuu, katikati ya njia, anakunywa kahawa.

"Hirizi zote hizo shingoni, kijana, na unaogopa nyumba ya ukubwa wa tundu la kuku?"

"Ondoka hapo, bibi!"

"Nipime kwanza. Isije ikawa nimezidi uzito ukashindwa kunibeba."

Dereva aliangua kicheko. Msimamizi akaiva uso.

"Kesho namleta mtaalamu wa kuhamisha mizimu. Ataona vumbi hilo, ataona mzimu kasahauliwa, atamwomba ahame, naye atahama. Tuone utampima nani."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomchoma Buakhiao. Mzimu asiyelishwa huhamishwa kwa udi na maneno matamu. Anayelishwa na mji mzima, hakuna mtaalamu wa kumgusa, hata umpe nini.

Alifuta vumbi la kijumba kwa mkono wa blauzi. Akaweka soda, akachomeka mrija. Chupa moja, peke yake, kama jino la mwisho kinywani mwa kikongwe. Kisha akaugeukia mji.

"Nilisimama peke yangu siku ile mbele ya bosi! Leo sisimami peke yangu!"

Hapo ulipo unamsikia. Huamini mizimu? Sawa. Dereva anaamini, mtaalamu anaamini, yatosha. Weka hilo bakuli chini. Pitia dukani uchukue soda nyekundu, mkokote na shemeji yako, njoo kiwanjani sasa hivi, kabla mtaalamu hajafika. Na safari hii ukiulizwa kama kuna mwenye neno, usitabasamu.