Meza ya Viraka Vitatu

Fundi alikuwa na tabia moja ambayo binti yake hakuizoea hata baada ya miaka sita ya kufanya naye kazi: alikuwa analamba mbao. Si kwa mzaha, wala si kwa kificho. Ubao mkuukuu ukiletwa karakanani, aliukwangua kidogo kwa patasi, akaufuta kwa kiganja, kisha akautolea ulimi wote, mpana, akalamba kama mtu aliyebakiziwa mchuzi kwenye sahani. Halafu alifumba macho, akatema pembeni, akatoa hukumu. Huu mvule. Huu msonobari. Huu ulikuwa mlango, umeshikwa na watu wengi, una chumvi ya mikono. Binti akisikia hiyo chumvi ya mikono, anageuzia uso ukutani.

Binti huyo walimwita Msasa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga msasa, na kwa sababu ulimi wake nao ulikwaruza. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa. Maziwa yakiweka utando hayanywi. Kikombe alichonywea mwenzake hakigusi. Mtu wa namna hiyo kupewa kazi ya kukwangua uchafu wa nyumba zilizobomolewa, jamani, ni adhabu. Mbao za zamani haziji peke yake. Zinakuja na mavi ya mende, na magamba ya mende wenyewe, na nywele zilizonasa kwenye msumari, na mafuta ya vichwa vya watu yaliyoganda kwenye ubavu wa kitanda mpaka yamekuwa kama nta. Yote hayo Msasa aliyakwangua akiwa amejifunga kitambaa puani. Kisha wanakuja wenye uwezo, wanapapasa nyufa na matundu ya misumari, wanasema samani hizi zina roho. Msasa alijua kilichokuwa ndani yake, na hakikuwa roho.

Sasa, Fundi alikuwa na dada yake mkubwa. Huyo shangazi ndiye Msasa aliyemrithi kinyaa, ila cha kwake kilikuwa cha daraja la juu. Aliosha hata kipande cha sabuni kabla ya kukitumia. Miaka tisa nyuma Fundi alimtengenezea kitanda cha mbao kuukuu, kizuri kweli, na wiki ya tatu wakaanza kutoka kunguni nyufani, wanene, wameshiba damu yake. Shangazi hakusema na ndugu yake kwanza. Alikiburuta kitanda mpaka barabarani, akakimwagia birika zima la maji yanayochemka mbele ya majirani, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimechongwa na mdogo wangu wa tumbo moja." Mtaa ulicheka mpaka ukakaa chini. Kwa miaka miwili mizima watoto walimwita Fundi Kunguni, na wateja wakampungua hadi akawa anachonga vijiti vya ufagio.

Tangu hapo ndugu hao hawakula pamoja. Mama yake Msasa alipofariki, Shangazi alikuja, akalia mlangoni, akaondoka bila kunywa hata maji. Mwaka huu Fundi alilegeza moyo. Umri ulikuwa umesogea, na dada ni mmoja tu. Alituma ujumbe: njoo Jumamosi mchana ule kwangu, nina zawadi yako. Jibu likarudi: nitakuja.

"Dada akila kwenye meza hii," alimwambia Msasa, "yamekwisha. Asipokula, ndiyo basi, tutazikana tumenuniana."

Mbao za meza hiyo zililetwa na Mjomba, kaka yake marehemu mama, mtu wa kununua majengo yanayobomolewa na kuuza kila kitu hadi bawaba. Zilikuwa mbao tatu pana, nzito, nyeusi kama kahawa, zimelainika juu utadhani zimesuguliwa kwa miaka. Kila ubao ulikuwa na tundu moja la mviringo katikati, la ukubwa wa sahani.

"Jiko la zamani hilo, shemeji," Mjomba alisema akiangalia juu, kwenye bati. "La kupikia watu wengi. Masufuria makubwa yakiepuliwa yalikuwa yanakaa humo kwenye matundu."

Fundi aliinama, akaweka ulimi kwenye ukingo wa tundu, akalamba taratibu, akauzungusha ulimi karibu nusu duara. Akafumba macho.

"Chumvi," akasema, ameridhika. "Jiko kweli. Hiyo ni chumvi ya mapishi."

Mjomba alikohoa, akasema ana haraka.

Walipoanza kuranda, harufu ilitoka. Si ya vumbi, si ya ukungu, maana hizo Msasa alizijua. Hii ilikuwa kali, ya kuchoma macho, yenye utamu mbaya kwa chini. Alimwambia baba yake. Fundi akavuta pumzi ndefu juu ya takataka za randa, akasema mti mkongwe ndivyo unavyonukia, vijana wa leo mmezoea mbao za kiwandani. Msasa akajilaumu kwa kinyaa chake, akaongeza kitambaa cha pili puani. Baada ya kupakwa mafuta na nta mara nne, harufu ilikata. Matundu yale Fundi aliyaziba kwa viraka vya mbao nyeupe, mviringo kamili, vilivyokaa hadi unyoya usingepita kati. Hakuvificha. "Kila kiraka, mtu mmoja na sahani yake," alisema. Kwa kweli meza ilipendeza, tusimnyime mtu haki yake.

Jumamosi Msasa aliamka akapika supu ya nyama na mikate. Karibu na saa sita akatandika meza, sahani tatu juu ya viraka vitatu, kama alivyoagizwa. Mjomba akapita, kama anavyopita popote panapopikwa. Huyu ni mtu aliyewahi kula msibani mara mbili, akabadilisha kofia ili asitambulike. Aliingia akisugua mikono, akaona sahani zilipokaa, mikono ikasimama.

"Kaa, Mjomba. Nakuongezea kigoda."

"Mimi nimeshiba."

Msasa aliweka mwiko chini. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo kutoka kinywa hicho. Alimshika mkono wa shati akamvuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Zile mbao zimetoka wapi?"

"Si nilisema. Jengo la zamani."

"Jengo gani?"

"Bweni. Bweni la shule, lile la wavulana lililobomolewa." Mjomba alitazama supu, akatazama ukuta. "Sasa mwanangu, jengo lina sehemu nyingi. Mbao ngumu namna ile hupati kila mahali. Zimekaa miaka arobaini haziliwi na mchwa. Wewe umewahi kujiuliza kwa nini mchwa hali?"

"Mjomba."

"Chooni," akasema. "Zilikuwa za kukalia."

Msasa alisimama pale na mkono mdomoni. Aliona matundu matatu yakiwa yamejipanga, akaelewa ulaini ule ulisuguliwa na nini kwa miaka arobaini. Akaukumbuka ulimi wa baba yake ukizunguka ukingo. Chumvi ya mapishi. Mate yalimjaa ghafla, mepesi, yale yanayotangulia matapishi, akayatema kwenye ndoo ya maganda. Alimchukia Mjomba siku hiyo kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na yule bwana, badala ya kuomba radhi, alikuwa anaulizia kama supu imeiva, atakula huku huku jikoni amesimama.

Mlango wa mbele ukagongwa.

Shangazi aliingia amevaa nguo iliyopigwa pasi hadi inakata, mkoba umebanwa kwapani. Kaka na dada walishikana mikono, hawakuachiana upesi. Msasa alitoka na kitambaa cha mezani, cha plastiki, kirefu, akaanza kukitandaza. Fundi akakivuta.

"Unafunika nini? Nimechonga mwezi mzima halafu unafunika na plastiki?"

Shangazi alitoa leso, akaigusisha kwenye kiti, kisha akatazama uso wa mdogo wake. Akairudisha leso mkobani bila kufuta. Akakaa.

Msasa angesema nini? Mtu akiambiwa kwamba ndugu yake amemkalisha chooni ale, na ndugu huyo huyo ndiye wa kunguni, nani atasubiri maelezo ya Mjomba? Alileta sufuria. Alitaka kuliweka kwenye kigoda pembeni, lakini Fundi alilipokea, akaliketisha katikati ya meza, linatoka motoni, linatokota.

Nta ilianza kutoa jasho. Ndipo harufu ikaja.

Iliinuka taratibu kuzunguka sufuria, ikapita juu ya supu, ikaingia kwenye mikate. Bweni zima, miaka arobaini ya mikojo ya watu, ilipanda pale na mvuke. Msasa alibana pumzi. Uso wa Shangazi ulifunga, mbawa za pua zikakauka, na mkono ukaenda kushika mkoba. Alikuwa anasimama. Msasa aliona magoti yakijiandaa.

Fundi akainamia meza, akavuta pumzi kifua kizima, akatabasamu. "Unasikia hiyo, dada? Mti wa zamani ukipata joto unakumbuka."

Shangazi alimtazama kwa muda. Magoti yakatulia.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "kuna kitu kinaungua jikoni?"

"Eeh, nami naisikia hiyo harufu," Fundi alijibu haraka. "Msasa, katazame. Inaonekana mkate."

Hakuna kilichokuwa kinaungua. Jiko lilikuwa limezimwa. Msasa alimtazama baba yake, pua ile kubwa iliyokuwa inatambua mti akiwa nje ya karakana, akafikiria makopo ya vanishi na gundi aliyofungua kwa meno tangu ujana, bila kitambaa. Haisikii harufu tangu lini? Na amekuwa akibahatisha tangu lini, akivuta pumzi na kutikisa kichwa ili asigundulike? Alikwenda jikoni akamkuta Mjomba anatafuna, akarudi.

"Nimeuondoa," alisema.

Shangazi alikuwa amekwisha kujipakulia supu. Alikuwa anakula. Alikula kwa adabu, kijiko kwa kijiko, mgongo umenyooka, machozi yanamtoka kidogo. Fundi alimuuliza kama pilipili imezidi, akasema ndiyo, imezidi, lakini tamu. Msasa alijilazimisha kumeza kijiko kimoja, kikapita kama kidonge. Harufu ilikuwa imekaa juu ya ulimi wake, alikuwa anaila. Baba yake alikuwa anasimulia habari za utoto wao, wanacheka, na kila akicheka anapiga kofi mezani kisha anachukua mkate kwa mkono uleule. Msasa angeweza kulia kwa kinyaa.

Katikati ya kicheko kipande cha nyama kikamponyoka Shangazi. Kiliangukia kando ya sahani, juu kabisa ya kiraka, kikakaa pale kwenye nta iliyoyeyuka. Fundi aliweka mkate chini. Miaka tisa yote ilikuwa pale inaitazama nyama hiyo.

Shangazi aliiokota kwa vidole viwili. Akaitia mdomoni. Akatafuna vizuri, akameza.

"Niongeze," akasema.

Baba mtu aligeuka dirishani akajifanya kuna kitu jichoni. Kisha akasema meza ni ya dada, ndiyo ile zawadi, gari la mkokoteni limekwisha kukodiwa, iende leo leo. Na Jumapili ijayo atakwenda kwa dada, wale tena kwenye meza hiyo hiyo. Shangazi akasema asante, mdogo wangu, ngoja nikanawe.

Msasa alimfuata nyuma ya karakana. Alimkuta ameinamia lundo la takataka za randa, mkono mmoja ukutani, anatapika kimya kimya, kama mtu mwenye uzoefu. Alimshikia kichwa. Kisha akammiminia maji, Shangazi akasukutua mara nne, akapangusa mdomo kwa leso, akaitupa leso.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Choo cha bweni."

Shangazi alifikiri. "Wavulana au wasichana?"

"Wavulana."

"Nilijua tu."

"Naye baba hajui, Shangazi. Mjomba ndiye alitudanganya. Nitapanda mkokoteni, nitaichoma huko mbele ya safari. Tutamwambia imeibiwa. Ukiiingiza nyumbani kwako hutalala."

"Baba yako ana muda gani hasikii harufu?"

"Sijui. Nimejua leo, pale ulipomuuliza."

Shangazi alirekebisha nguo yake, akaangalia kama imeingia doa.

"Si amesema anakuja Jumapili?"

"Ndiyo."

"Basi ataikuta."

Fundi alikuwa mlangoni anaita, mkokoteni umefika, anahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Msasa akapiga hatua, lakini Shangazi alimtangulia. Alikunja mikono ya nguo hadi viwikoni, akaingia, akaishika meza kwa viganja vitupu.