Atupele Aazimisha Mkono

Saa nane mchana, siku ya Jumamosi, katika saluni ya Dada Imelda, binadamu mmoja wa kidato cha tatu anaingizwa kichwa ndani ya draya akiwa na rola ishirini na mbili, na kabla hatujaenda mbali inafaa tumtambulishe kwa heshima zake zote. Jina lake ni Atupele. Yuko likizo. Shuleni anasifika kwa siku aliyoliamsha bweni zima kwenda gwaride, wakati hapakuwa na gwaride. Simu iko mapajani, na ndani ya simu kuna Shangwe, mtandao ambao ukiandika jambo watu wanakupigia makofi, makofi yanakuwa pointi, na pointi zinayapa uzito makofi utakayowapigia wengine. Makofi ya mgeni ni matone ya maji, makofi ya mwenye pointi nyingi ni ngoma ya harusi. Kuna kuzomea pia. Ukizomewa na wenye uzito, andiko lako linafifia, linakuwa la kijivu, mwisho linafungwa. Asubuhi ya leo Atupele amepokelewa na kundi linalojiita Wazito, kwa sharti moja dogo, kwamba kundi litautumia mkono wake kupiga makofi na kuzomea kwa niaba yake, hata akiwa amelala. Alibonyeza Nakubali kabla hajafika mwisho wa sentensi. Rafiki yake Zamda, ambaye bwenini analala kitanda cha chini yake, alimwonya jana, We Atu, mkono hauazimishwi kama sufuria za shughuli. Atupele akamjibu, Wivu huo, shoga yangu. Sasa draya inavuma, inavuma, masikio yanapata moto, kope zinashuka, na ule mvumo unafunguka katikati kama pazia, naye anapita.

Upande wa pili mvumo ni makofi. Yanatoka mbali, hayakatiki, na Atupele amesimama juu ya barabara inayojitandika mbele ya miguu yake kama mkeka, hatua kwa hatua, huku nyuma yake ikijikunja. Mbele yake yupo mtu mrefu mwenye suti na tai, nadhifu kama mwalimu wa zamu, ila hana uso. Pale ambapo uso ungekuwa pana ngozi laini kama yai lililomenywa. Malezi ya bweni hayajamtoka Atupele, anasema, Shikamoo. Sauti inatoka kwenye fundo la tai, Marahaba, una uzito gani? Sijui, mzee, sijapima. Basi hujafika. Lakini si nimesimama hapa? Wengi wamesimama hapa na hawajafika, anasema yule mtu, na anaanza kutembea kinyumenyume, na Atupele anamfuata kwa sababu barabara nayo inamfuata. Mji unawajia. Kuta zake ni vioo, milango ni vioo, hata mbuzi aliyefungwa uani amezungushiwa vioo, na kila kioo kinakuonyesha si sura yako bali uzito wako. Katika kioo cha kwanza Atupele ana kimo cha kandambili. Katika cha pili anafika magotini mwa mwenyeji wake. Katika cha tatu amempita kichwa. Mbona nakua? anauliza. Kuna mtu anakufanyia kazi, na mtu huyo ni wewe. Mimi sifanyi kitu, nimekaa saluni. Ndiyo maana unakua haraka. Mama mmoja mwenye kikapu, aliyewapita sasa hivi bila salamu, anarudi mbio na kupiga goti, Jamani mheshimiwa, nisamehe, nilikutana nawe ukiwa bado mdogo. Atupele anapenda. Tusimfiche, anapenda sana. Anaamua kutembea na mikono nyuma, kama mkuu wa shule siku ya mahafali, na hapo mkono wa kushoto unatafuta wa kulia, unapapasa, haupati kitu. Hakuna damu. Mkono wa shati umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini. Mkono wangu uko wapi? anapiga ukelele. Umekutangulia, inasema tai, na wanakokwenda makofi yanazidi.

Wanafika uwanjani. Juu ya jukwaa, kwenye kiti kipana kama kitanda, amekaa mkubwa wa Wazito, Bwana Tani, anakula kachori. Anafungua mdomo, na umati wote unalipuka kwa makofi. Amesema nini? Atupele anamuuliza kijana wa pembeni. Bado hajasema. Sasa mnashangilia nini? Dada, mgeni wewe? Ukimsubiri aseme umeshachelewa, anayewahi kupiga ndiye anayegawiwa pointi nyingi. Bwana Tani anatoa macho. Anashika koo. Shingo inavimba, uso unakuwa rangi ya zambarau, anaunyooshea umati mkono, na umati unasimama wima kwa furaha. Mwone macho! Leo katuletea kitu kipya! Jamani, huyu mtu ana kipaji! Anaanguka magoti, kiti kinapinduka, na nyuma huko kuna watu wanalia kwa kuguswa. Nywele za Atupele zinasimama, pamoja na rola zote. Kisha katikati ya kelele zile anasikia sauti anayoijua kuliko kengele ya shule, Kachori imemkwama! Mpigeni mgongoni, nyie! Ni Zamda, na sketi yake ya shule na kanga nyekundu begani, anasukumana na watu apate kufika jukwaani. Nani huyo anayeharibu? Ana pointi ngapi? Hana hata kumi! Mtoeni!

Yule mtu asiye na uso anaivuta tai yake mara moja, kama anayevuta kamba ya kengele. Juu ya uwanja inashuka kamba ndefu kama ya kuanikia nguo, imejaa mikono, mamia ya mikono, kila mmoja umebanwa kifundoni. Viganja vinafunguka. Ndani ya kila kiganja mna mdomo. Midomo inazomea, Uuuu, na kila uuuu inambandua Zamda rangi. Wekundu wa kanga unatoka kwanza, halafu weusi wa nywele, halafu midomo yake. Na mkono ulio mbele kabisa, unaozomea kwa bidii kuliko yote, una kovu la pasi ya mkaa karibu na dole gumba. Atupele analijua kovu lile. Sauti inayotoka kiganjani anaijua pia, ni yake mwenyewe. Zamda anainua kichwa. Atu? Hiyo si sauti yako? Si mimi, Zamda, wallahi, ni mkono tu. Mkono wa nani sasa, wa bibi yangu? Uvute basi! Na kamba iko karibu, kweli, ni kunyoosha tu. Tai inasema taratibu, Ukiuvuta unarudi kandambili. Nikiuacha? Utaendelea kukua. Na Zamda? Swali hilo halina uzito. Atupele anageuka kwenye kioo. Amepita mapaa ya nyumba. Mji mzima umeinama mbele ya miguu yake, hata mbuzi. Ngoja kidogo, anasema, na anayeambiwa hivyo ni rafiki yake. Kidogo tu, anajitazama mara moja. Anapoikamata kamba na kuuvuta mkono kwa nguvu zake zote, Zamda ameshakuwa kijivu cha majivu, kinywa kinacheza bila sauti, na ukuta wa nyuma yake unaonekana kupitia kifuani. Jukwaani Bwana Tani ametulia kimya, na umati unaushangilia ukimya. Mkono unarudi begani mwa Atupele ukiwa bado unazomea. Anauziba mdomo kwa kuukandamiza tumboni, na barabara inajikunja chini yake.

We mtoto, mbona unawapigia wateja makelele? Dada Imelda amenyanyua draya. Saluni ileile, redio ileile, mkono upo. Atupele anaikamata simu. Anafungua Shangwe, anajitoa Wazito, anatafuta jina la Zamda. Halipo, hata la kijivu. Anakimbilia namba ya mama yake Zamda, na vidole vinasita, kwa sababu pale alipoandika Mama Zamda sasa pameandikwa Mama, halafu nafasi tupu. Anapiga hivyohivyo. Shikamoo mama, ni Atupele, naomba niongee na Zamda. Marahaba mwanangu. Niongee na nani? Zamda, mama. Mimi nina Hafidhi tu, mwanangu, umekosea namba. Lakini wewe si ndiye Mama Zamda? Ile sauti inauliza polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, Ngoja kwanza. Hivi watu huwa wananiita Mama nani?

Atupele anatoka mbio na rola zake zote, Dada Imelda anapiga kelele nyuma yake, Hujakauka! Kwa kina Zamda ni mitaa miwili. Anakimbia akiita jina lile kwa sauti, Zamda, Zamda, na fundi viatu anamuuliza, Nani huyo, binti? Rafiki yangu, anajibu bila kusimama, na anaita tena, katika jua kali ambalo hana hakika kama ni la upande huu au la ule, na hanyamazi hata kuvuta pumzi, kwa kuwa inaonekana hakuna mwingine aliyebaki na jina hilo mdomoni.