Safu ya Aendako

Hoteli ile ya kilimani Wazo ilijengwa na mzungu mwenye mashamba ya mkonge, na ilikuwa inauzwa mwaka wa sita sasa. Mabati yalikuwa yameoza kwa kutu na popo walikuwa wamehamia ghorofani. Mnunuzi alipojitokeza hatimaye, mwenye nyumba alimtuma Lusungu, fundi rangi wa Tegeta, akapime kuta.

Lusungu alipanga kumaliza kabla ya saa sita. Mfukoni alikuwa na barua ya posa. Mshenga wake, Sebastian, alikuwa anamsubiri Chang'ombe aipeleke saa kumi kamili kwa Mzee Polikarpo, baba yake Noela. Mzee huyo alishawahi kufukuza washenga wa kijana mwingine kwa kuchelewa dakika ishirini.

Mapokezini alimkuta mlinzi, mzee Alfonsi, amekaa wima kama ana wageni hamsini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jaza daftari."

"Daftari? Hoteli yenyewe imekufa!"

"Imefungwa. Sijasema imekufa."

Lilikuwa daftari kama la gesti zote: Jina, Kabila, Kazi, Atokako, Aendako. Lusungu hakupenda kuhojiwa na kitabu. Kwenye Aendako akaandika kwa herufi kubwa: SIENDI KOKOTE. Akacheka.

Alfonsi alisoma, hakucheka. Akatoa ufunguo namba saba kwenye msumari, akauweka juu ya kaunta.

"Wa nini huo?"

"Wa mgeni."

Vyumba vilivyofunguka vilinuka kinyesi cha popo; cha nne kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Cha saba tu kilikuwa kimefagiliwa. Shuka lilikuwa limenyooshwa, sabuni haijafunguliwa, na chini ya kitanda palikuwa na kandambili. Lusungu alijaribu moja. Ilimtosha.

Alitoka saa sita na robo. Akapita geti, akashuka kilima akisikia pikipiki za barabarani, akakata kona kwenye tangi la maji. Akajikuta uani, nyuma ya jiko la hoteli, mbele ya sufuria lililotoboka. Akajitukana, akatoka tena, safari hii akihesabu hatua. Jiko lile lile, na sufuria lile lile.

Saa nane akasimama getini, akampigia Brightson, bodaboda anayemfahamu, aje amchukue.

"Braza, mie nishafika," Brightson alipiga baada ya robo saa. "Mbona huonekani?"

"Nimesimama getini!"

"Getini nipo mie peke yangu. Acha utani, jua kali."

Lusungu alisikia injini ikinguruma masikioni, lakini mbele yake palikuwa na vumbi tu. Akarudi ndani mbio.

"Mzee, nifutie ule mstari!"

"Daftari la wageni halifutwi."

Juu ya jina lake paliandikwa: Edgar, mpima ardhi, chumba namba nne. Aendako: Nitajua mbele.

"Huyu Edgar aliondoka?"

"Yeye chai anakunywa bila sukari," alijibu Alfonsi.

Simu ilikuwa bado hewani, Brightson akilalamika. Lusungu alirudi getini, akainama, akaisukuma barua chini ya geti.

"Angalia chini. Unaona nini?"

"Bahasha. Imetokea wapi hii?"

"Mpelekee Sebastian, Chang'ombe, kabla ya saa kumi. Kimbia, ndugu yangu."

Akaketi kwenye ngazi. Kivuli cha jengo kilimfikia magotini, kisha kifuani. Saa kumi na moja simu ikaita.

"Wamekubali!" Noela alikuwa analia na kucheka. "Baba kasema kijana anayejali muda kama wewe hajamwona. Anataka akuone leo leo. Uko wapi?"

Lusungu alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili zote mbili, na hakukumbuka alizivaa saa ngapi.

"Niko njiani," akasema.

Nyuma yake vikombe viligongana. Alfonsi alikuwa mlangoni na sinia.

"Mgeni wa namba saba," aliuliza taratibu, "sukari vijiko vingapi?"