Daftari la Vipimo

Jumamosi saa nne asubuhi, mkuu wa shule, mwanamke wa miaka hamsini, alisimama mbele ya kioo cha fundi cherehani, mikono ameinyoosha pembeni, apimwe suti ya mahafali. Fundi alimzungushia tepu kifuani, akaivuta kidogo, akataja namba kwa sauti. Binti wa fundi, wa miaka kumi na mitano, alikuwa kwenye kigoda na penseli, akiandika. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote: mama anataja, binti anaandika.

"Kifua, mia moja na kumi na mbili."

"Nimeandika."

"Andika basi polepole, unatoboa karatasi."

Binti huyo aliitwa Pini, kwa sababu alikuwa mwembamba na akikuchoma unajua umechomwa. Wiki mbili nyuma alisimama mstarini akasema mbele ya shule nzima kwamba vyoo vya wasichana havina maji kwa kuwa bomba limegeuziwa kwenye bustani ya maua ya mkuu. Mwalimu wa nidhamu alimrudisha nyumbani na barua yenye mistari miwili tu: Nilisema uwongo. Naomba radhi. Akiitia sahihi, anarudi darasani. Asipoitia, Jumatatu saa sita mchana usajili wa mtihani unafungwa bila jina lake.

"Ile barua bado unayo, au umeshaila?" mkuu aliuliza bila kugeuka.

"Ninayo, mwalimu."

"Vizuri. Urefu wangu ni mia moja sitini na nane, fundi, usinipunguzie hata kidole."

Mkuu alipoondoka, mama alimpima Pini naye, maana sketi yake ya shule ilikuwa imeshapanda juu ya magoti. Akimpima, alimsihi. "Ni sahihi tu, mwanangu. Dakika moja, yameisha."

"Basi itie wewe."

"Mdomo huo! Kiuno, hamsini na nane."

Kwa hasira Pini aliandika bila kutazama kichwa cha ukurasa. Vipimo vya mkuu vilikuwa vimeingia kwenye ukurasa wa Pini, na vya Pini sasa vikaingia kwenye ukurasa wa mkuu.

Hapa ni lazima ielezwe kwamba daftari lile lilikuwa halikosei. Likiandikwa vibaya, nguo ilishonwa kama ilivyoandikwa, na mwili ndio uliojirekebisha. Mpeleka barua mmoja aliwahi kuandikiwa mkono wa kushoto mfupi kwa sentimita sita, akasambaza barua mwezi mzima kwa mkono wa kulia, hadi alipopata nafasi ya kupita kusahihishiwa. Hakugomba. Alisema tu kwamba mifuko ilikuwa inamsumbua.

Jumatatu alfajiri Pini aliamka miguu imetokeza nje ya kitanda. Mama alikuja na taa, akamkagua kuanzia visigino hadi utosini.

"Umechanganya kurasa."

"Nimechanganya."

"Haya, vaa gauni langu la kitenge. Na ufunge mkanda, usiniaibishe."

Pini alitia barua kwenye mkoba akaenda shule. Alikuwa ameamua kusema tena maneno yaleyale, neno kwa neno, wakimfukuza wamfukuze.

Mlinzi wa geti, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimsalimu kwa kidevu, aliinuka kwenye kiti kabla hajamtazama usoni. "Shikamoo, mama. Karibu sana, mama." Mwalimu wa nidhamu alimletea kiti, akakifuta kwa leso yake mwenyewe.

"Vyoo vya wasichana havina maji," Pini alisema, "kwa kuwa bomba limegeuziwa kwenye bustani ya maua."

"Ni kweli kabisa," mwalimu wa nidhamu alijibu, akiandika. "Tulikuwa tunangoja mtu aliseme."

Akamtuma fundi bomba. Baada ya nusu saa maji yakasikika yakinguruma kwenye tangi la vyoo, na wasichana wakatoka madarasani kwenda kuyatazama.

"Pia nimekuja kumsajili mwanafunzi mmoja kwa mtihani. Wanamwita Pini."

"Yule mdomo? Wewe nani wake?"

"Hana mtu wa karibu kuliko mimi."

Mwalimu wa nidhamu aliandika jina, akapiga muhuri, akaupulizia ukauke. Barua hakuiuliza. Ilikaa mkobani, bado haina sahihi, kama ilivyokuja.

Pini akatoka nje kifua mbele, akakutana na rafiki yake wa chanda na pete, aliyeitwa Kijiko. Alitaka wacheke wote wawili hadi waketi chini. Kijiko aliinamisha macho, akaficha pipi nyuma ya mgongo. "Shikamoo," akasema, akapita upande wa ukuta. Hilo lilimchoma Pini kuliko wiki mbili zote za kukaa nyumbani. Akaona kwamba mwili ule ulikuwa mzuri kwa kazi, lakini haukuwa wa kukaa nao.

Getini palikuwa na waliochelewa sita, wamepiga magoti kwenye kokoto. Wa sita alikuwa kasichana kembamba kenye uso wa mtu wa miaka hamsini, amekumbatia sketi pana isimdondoke.

"Mimi ndiye mkuu wa shule hii!"

"Na mimi ndiye waziri," mlinzi alimjibu. "Piga magoti vizuri, usikalie visigino."

"Nitakufukuza kazi!"

"Ukimaliza kupiga magoti, nifukuze."

Mkuu alimwona Pini, akautambua mwili wake mwenyewe ndani ya kitenge cha fundi. Walitazamana kidogo. Pini angeweza kupita. Lakini alijua ladha ya kusema kweli huku umepiga magoti, na hakumtakia mtu, hata huyu.

"Anasema kweli," alimwambia mlinzi.

"Ukisema wewe, mama, basi ni kweli. Inuka, mtoto."

Wakaenda kwa fundi bega kwa kichwa. Njiani mkuu alisema, "Nimewaambia mara nne. Mara nne! Hakuna aliyenisikia."

"Mimi niliwaambia mara moja."

Mkuu akaongeza mwendo hadi mlangoni kwa fundi.

Mama aliwakalisha, akafungua daftari, akafuta kwa kifutio, akaandika upya. Alipomaliza kupuliza uchafu wa kifutio, sketi ya mkuu ilikuwa imemkaa barabara, na Pini alikuwa anaogelea ndani ya kitenge. Mkuu akajitazama kiooni mbele na nyuma.

"Umeshasajiliwa?" akauliza.

"Nimesajiliwa."

"Orodha ikishapigwa muhuri haifunguliwi. Rudi darasani," mkuu alisema, akisikitika kidogo. Kisha akauliza suti itakuwa tayari lini.

Jumatano maua yalianza kusinyaa. Alhamisi bomba lilirudishwa bustanini. Pini alikwenda ofisini akayasema tena yale maneno, neno kwa neno, na mwalimu wa nidhamu akamwambia, "Nani kakuuliza wewe?" Akatoka akachukua ndoo. Kijiko alishaanza kucheka Pini alipomsimulia habari ya mkanda wa mama, akachukua ndoo ya pili, kisha wasichana wengine wakafuata, wakachota maji palepale katikati ya maua mchana kweupe, wakipokezana na kurushiana, hadi tangi la vyoo likajaa. Mkuu aliwaona kutoka dirishani. Akavuta pazia. Wakachota tena kesho yake, na keshokutwa.

Mwezi ulipokwisha, mama alimsimamisha Pini mlangoni, visigino vimegusa ukuta.

"Mia moja hamsini na tatu."

"Mwezi uliopita ilikuwa hamsini na mbili."

"Umeongezeka mwenyewe, sijaandika mimi." Na kwa mara ya kwanza mama aliweka penseli kando, akaandika kwa kalamu ya wino.

Pini alipiga hesabu akitembea kwenda shule. Zilibaki sentimita kumi na tano kufikia urefu wa mkuu, kabla mlinzi hajaanza kusimama. Alipofika getini alimsalimu, mlinzi akamjibu kwa kidevu.

"Kumi na tano," Pini akamwambia, akapita anapiga mluzi, ndoo begani.